Sidii Isiyowaka

Mwalimu wa Taaluma aliinamia kompyuta ya Mama Taipu kama mtu anayenusa maziwa asiyoyaamini. Alijaribu kuufungua ukurasa wa usajili mara tatu, na mara tatu skrini ikamjibu kwa kisanduku cha kijivu chenye maneno ya kiungwana ambayo maana yake, ukiyavua shati, ni "sikujui, nenda zako."

"Mama," alisema akijinyoosha, "hii mashine ina umri gani?"

"Umri wa mashine ya mwanamke hauulizwi, Mwalimu."

Upande wa pili wa chumba, wifi wa Mama Taipu, dada wa mumewe, aliyekuwa na cherehani yake papo hapo dirishani, alicheka bila kufungua mdomo, kwa sababu mdomo ulikuwa umebana pini nane.

Mwalimu hakucheka. Alikuwa mtu mpole, na habari mbaya humtesa mpole anayeileta kuliko anayeipokea. "Usajili wa watahiniwa mwaka huu wote ni wa mtandaoni," alisema. "Na huo mfumo wao unataka kompyuta yenye windo mpya, ile programu inayoiendesha mashine. Hii yako hata hodi haijui kupiga. Jumatatu saa nne asubuhi nakuja na orodha ya watoto mia mbili na kumi. Ikifungua, kazi ni yako kama miaka yote, na mitihani ya muhula juu yake. Isipofungua..." Aliangalia ng'ambo ya barabara, kisha akaona haya kwa kuangalia. "Mimi sina ugomvi na mtu, Mama. Nina tarehe ya mwisho tu."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Chumba kile cha mbele kiligawanywa kwa mstari usioonekana ambao hakuna aliyewahi kuuchora na hakuna aliyewahi kuuvuka bila kuomba. Kulia ilikuwa cherehani, mita za kitambaa na mafungu ya ruwaza za karatasi yakining'inia misumarini. Kushoto ilikuwa kompyuta, printa, mashine ya kopi, na ubao ulioandikwa: TUNACHAPA. Barua za kuomba kazi, kadi za harusi na wasifu wa marehemu, kila kimoja kwa bei iliyohesabiwa kwa kurasa za mkono alizoleta mteja, vililetea nyumba ile mboga. Kazi ya shule ndiyo iliyoleta nyumba yenyewe: pango, ada ya binti yao chuoni, na dawa ya kiuno cha mume wa Mama Taipu, ambaye watu waliendelea kumwita Dereva ingawa kwa miaka miwili hakuwa ameendesha kitu zaidi ya kiti.

"Mmesikia?" Mama Taipu aliuliza baada ya Mwalimu kutoka.

"Tumesikia," alisema Dereva kutoka kwenye kiti chake mlangoni. "Mashine ni kama gari. Imezeeka injini, siyo bodi. Tafuta fundi akubadilishie injini, bodi ibaki."

"Na fundi ni nani?"

Wote watatu walitazama ng'ambo ya barabara, bila haya safari hii.

*

Duka la ng'ambo lilikuwa na mlango wa kioo, na mwenyewe aliitwa Dijitali, jina alilojipa mapema kabla watu hawajampa baya zaidi. Alikuwa kijana mnene mwenye ndevu za kuchongwa na kiti cha kuzunguka. Kwa wateja wote alikuwa na maneno matamu. Kwa Mama Taipu pekee, tangu alipofungua duka miaka mitatu iliyopita, alikuwa na kutikisa kichwa kidogo kama mjusi ukutani, kisha macho pembeni. Mama Taipu alikwishaamua kuwa ni kiburi cha mali mpya, na akamsamehe kwa namna ile ya kusamehe inayokumbuka kila kitu.

Ijumaa asubuhi alisimama mbele ya mlango ule muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akijifanya anasoma orodha ya bei iliyobandikwa kwenye kioo. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono. Kupiga windo. Kupiga picha. Kusafisha virusi. Kila herufi g ilikuwa na mkia uliojikunja juu kama wa ng'e. Ajabu, aliwaza, mtu anayejiita Dijitali anaandika kwa kalamu. Akasukuma mlango.

"Habari za kazi, mwanangu."

"Shikamoo, mama." Kichwa cha mjusi. Macho pembeni.

"Nataka kujua kupiga windo. Bei naiona. Nauliza kama mashine yangu inawezekana."

"Ile?" Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi, na labda kama wasingekuwepo angejibu tofauti. "Ile haipigwi windo, mama. Ile inapigwa picha, inapelekwa makumbusho."

Benchi likacheka. Mama Taipu naye akacheka, kwa sababu katika dhiki mtu asipocheka pamoja na watu huachwa ndani ya kicheko chao peke yake.

"Nieleze basi, nikafe nikijua."

"Ile haikubali kuwaka kwa flashi. Inawaka kwa sidii tu. Na windo mpya imenenepa, haitoshi kwenye sidii moja. Labda mtu aitengeneze sidii maalumu. Apunguze visivyohitajika, aongeze vinavyohitajika, ishonwe kwa kipimo cha mashine yenyewe. Na hiyo kazi..." Alinyamaza ghafla, kama aliyeuma jiwe ndani ya chakula. "Hiyo kazi haifanyi kazi. Mimi najua. Nunua mpya. Ninazo mbili pale."

Aliitaja bei. Mama Taipu alishukuru, akatoka, akavuka barabara akiwa na uso wa mtu aliyekwenda kuuliza tu saa.

*

"Kushonwa kwa kipimo," alisema wifi yake alipoelezwa. "Mbona hiyo ni kazi ya kawaida? Shati la mtu mzima, unalipunguza limtoshe mtoto. Windo ndiyo shati, sidii ndiyo mtoto."

"Wewe unafikiri kila kitu ni shati."

"Na mumeo anafikiri kila kitu ni lori. Afadhali shati, linafuliwa."

Lakini Mama Taipu hakuwa anasikiliza tena. Sidii maalumu. Apunguze, aongeze. Maneno yale aliyajua. Hakuwahi kuyasema, wala hakuwahi kuyasikia; aliyajua kwa vidole. Alikuwa amechapa kila kitu ambacho mtaa ule uliwahi kuandika, mapatano ya waliogombana na ugomvi wa waliopatana, na hakuwa amesoma hata kimoja. Vidole ndivyo vilivyosoma, mwenyewe akiwaza atapika nini. Lakini hakuwahi kufuta kitu. Nakala ya kila kazi ililala ndani ya mashine yake.

Akakaa, akatafuta. Ilimchukua nusu saa. Kisha ikafunguka mbele yake ripoti ya stashahada ya mwanafunzi fulani wa miaka saba iliyopita: "Utengenezaji wa Diski Maalumu ya Kuwashia kwa Ajili ya Kusimika Mfumo Endeshi Uliosasishwa." Kurasa arobaini kamili. Jina la mwanafunzi halikumwambia kitu. Mwaka ule wanafunzi walipita kwake kama nzige.

"Wifi," aliita, "njoo uone. Nilikuwa na kitabu cha mapishi humu ndani, na nimekuwa nikilala njaa."

Mwalimu wa Taaluma, alipofuatwa shuleni, aliwapa kwenye flashi faili zima la windo mpya lililonunuliwa kwa ajili ya maabara, na flashi akaikabidhi kama mtu anayempa jirani mwana wake amlelee. Jioni hiyo hiyo Mama Taipu alihamisha kazi zake zote za miaka kumi na miwili kwenye diski ya nje, faili kwa faili, kwa sababu ripoti ilionya kwa herufi kubwa kuwa mashine ikipigwa windo husahau hata jina la mama yake. Jumamosi, wawili wale wakakaa mbele ya skrini, mmoja akiwa na miwani, mwingine akiwa na mkasi shingoni.

Ripoti ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomshangaza Mama Taipu, kusoma kwa mara ya kwanza kitu alichokiandika mwenyewe. Mwanafunzi yule alieleza kama anayemshika mtu mkono gizani. Ndani ya faili la windo, alisema, mna windo kumi na moja za aina mbalimbali. Bakiza moja, futa kumi.

"Kumi na moja!" alisema wifi. "Mteja ameomba gauni moja, wamempakilia duka zima. Kata."

Wakakata. Wakatoa lugha ambazo hakuna aliyezisema mtaani kwao. Wakatoa michezo.

"Michezo acha kidogo," alisema Dereva.

Wakatoa michezo.

"Sasa ongeza dereva wa printa," Mama Taipu alisoma.

Mumewe akainua kichwa. "Mimi?"

"Siyo wewe. Huyu anafanya kazi."

Wifi yake aliyatupa macho kwenye mkasi wake, na Mama Taipu akajuta papo hapo. Alikwenda akamwekea mumewe mto nyuma ya kiuno bila kuombwa. Dereva akaupokea. Ndoa ya miaka ishirini na sita haihitaji hotuba.

Dukani kwake mlikuwa na sidii tupu tatu, zenye vumbi, zilizobaki tangu enzi watu walipokuwa wakitaka harusi zao kwenye sidii. Saa nane mchana wakachoma ya kwanza. Mashine iliguna robo saa, ikaitema ikiwa ya moto. Wakaizima kompyuta, wakaiwasha, wakasubiri wakiwa wameshikana mikono bila kujijua.

Skrini nyeusi. Mstari mmoja mweupe. Mashine ilisema haioni kitu cha kuwashia.

"Labda sidii ilikuwa na vumbi," alisema wifi.

Waliifuta ya pili kwa pamba, wakarudia hatua zote neno kwa neno, wakachoma. Skrini nyeusi. Mstari mweupe.

"Mmeweka stata?" aliuliza Dereva.

"Baba, tafadhali," alisema Mama Taipu.

"Nauliza tu. Gari laweza kuwa na injini mpya, matairi mapya, viti vya ngozi. Bila stata litakaa pale pale, kuku watagie ndani."

"Baba!"

Dereva akaegemea mto wake, akiwa na hakika yake. Mteja aliingia akitaka kopi ya cheti, na Mama Taipu, ambaye mashine yake ya kopi ilikuwa nzima kabisa, alijikuta akimwambia hatuwezi leo. Kupitia mlangoni alimwona yule mteja akivuka barabara, na Dijitali akimfungulia mlango wa kioo.

Ilibaki sidii moja.

*

Hakuthubutu kuichoma. Alikaa akaisoma ripoti upya, safari hii polepole, kama anayetafuta kijiwe kwenye mchele. Ukurasa wa thelathini uliishia hivi: "Sasa faili zote ziko tayari kwa hatua iliyo muhimu kuliko zote." Ukurasa wa thelathini na moja ulianza: "Hatua hiyo ikikamilika, choma sidii."

Hatua ipi?

Alirudi nyuma. Akaenda mbele.

Ndipo akamkumbuka mwanafunzi yule. Siyo uso, alikumbuka kikohozi. Kijana mwembamba, kofia ya sufu, kikohozi kikavu. Alileta kurasa arobaini na moja za mkono, akasema, "Mama, zisizidi arobaini tafadhali, ikizidi moja wanakata alama. Naomba uzibane." Naye alijaribu kuzibana zikakataa, na ilikuwa jioni, na kijana angekuja asubuhi. Akatafuta ukurasa usio na maana. Akaupata. Ulikuwa umejaa mikwaju, nukta na vipande vya herufi, kitu kama paka amepita juu ya kibodi. Akachukua kalamu nyekundu, akaandika juu yake neno moja, akaendelea na ukurasa uliofuata. Kijana alikuja mbio, akalipia kurasa zote arobaini na moja, akaondoka bila kusoma. Nani husoma alichoandika mwenyewe?

"Wifi," alisema. "Zile karatasi za mkono ninazokupa. Za zamani. Unazifanyia nini?"

"Nini tena? Ruwaza. Karatasi ya chuo ni nzito, haikunjiki. Kwa nini?"

Walishusha mafungu yote kutoka misumarini. Chumba kikafunikwa na watu wa karatasi: migongo, mikono, vifua, viuno vya ukubwa wote. Mama Taipu alipiga magoti katikati yao, akigeuza mikono ya mashati na kusoma migogoro ya mashamba nyuma yake. Dereva alipewa kazi ya mifuko. Karibu na magharibi, wifi akatoa kitu chembamba kilichopinda kama mwezi mchanga.

"Kola," alisema. "Namba kumi na sita. Hii ndiyo ninayoitumia kila siku, ndiyo maana haikuwa kwenye fungu."

Nyuma ya kola, kwa wino mwekundu uliofifia, palikuwa na neno RUKA. Na chini yake, kwa mwandiko wa mkono: "Bila faili dogo la kuwashia, diski itakuwa na kila kitu isipokuwa uhai. Ili kuliingiza, andika amri ifuatayo..." Amri ilianza, ikatembea kwa mikwaju na nukta zake hadi kwenye ncha ya kola, na pale mkasi ulikuwa umepita. Nusu yake ilikwenda na mabaki, miaka mingi iliyopita.

"Stata," alisema Dereva taratibu. Hakuna aliyembishia.

Lakini Mama Taipu hakuwa anaitazama amri. Alikuwa anatazama neno "dogo." Alikuwa anatazama mkia wa g yake, uliojikunja juu kama wa ng'e.

*

Jumapili, baada ya mchana, alivuka barabara akiwa na kola ndani ya bahasha. Wifi yake alikuwa amemwambia anyamaze, atafute hiyo nusu kwingine. "Unakwenda kumwomba mtu panga la kumkatia riziki yake mwenyewe," alisema. "Na kabla hajakupa unamwambia ulishawahi kumkata." Mama Taipu alikiri kuwa ilisikika vibaya. Akaenda hivyo hivyo.

Duka lilikuwa tupu. Aliiweka kola juu ya kaunta.

"Hii nini?" alisema Dijitali.

"Kola. Igeuze."

Aligeuza. Alisoma. Kiti chake cha kuzunguka kilizunguka kidogo, kikasimama.

"Huu ni mwandiko wangu."

"Ndiyo. Na hilo neno jekundu ni langu." Alikuwa ameandaa maneno mengi njiani, na barabara ilikuwa fupi. "Uliniambia zisizidi arobaini. Huu niliona hauna maana. Sikukuuliza. Niliona mchezo wa paka, nikaruka. Nisamehe, mwanangu. Nimejua jana."

Alikuwa akipapasa ukingo wa karatasi pale mkasi ulipopita.

"Nilisimama mbele ya wahadhiri watatu," alisema mwishowe, na hakuwa akiangalia pembeni. "Waliniambia, fuata ripoti yako mwenyewe, hatua kwa hatua. Kichwa kilikuwa kimekauka, nikafuata. Sidii haikuwaka. Mmoja akauliza, 'Bwana mdogo, hii ni diski ya kuwashia au ya kuwekea kikombe cha chai?' Mwingine alicheka mpaka akavua miwani. Nilirudia mwaka mzima, mama."

"Hukujua kuwa kuna ukurasa umekosekana?"

"Nilijua kuna hatua haimo. Lakini rasimu nilikuachia wewe. Basi nikaamini sikuiandika. Kwamba niliota nimeiandika." Akacheka kidogo, bila furaha. "Wewe ulikuwa unafikiri nina kiburi, siyo?"

"Nilifikiri hivyo, ndiyo."

"Nilikuwa naona haya. Nilifikiri wewe uliyeichapa ndiye unayejua nilivyokuwa mjinga. Nimefungua duka, nikakuta uko ng'ambo. Kila asubuhi nafungua mlango, nauona ubao wako, nakumbuka kikombe cha chai."

Mama Taipu alitafuta pa kuweka mikono yake. "Nusu ya amri imekatwa," alisema, na alijichukia kwa kusema, lakini orodha ya watoto mia mbili na kumi ilikuwa inakuja kesho saa nne. "Nimebakiwa na sidii moja."

"Ondoka kwanza, mama," alisema Dijitali kwa upole. "Tafadhali. Ondoka kwanza."

Akaondoka. Alikuwa katikati ya barabara alipokumbuka kola iko kwenye kaunta, na hakuwa na uso wa kuirudia.

"Umeiacha?" wifi yake aling'aka. "Kola yangu? Wifi, shule imekwenda, sawa, tutakula majani. Lakini lile shati ni la kesho!"

*

Jumatatu saa moja asubuhi Dereva, aliyekuwa wa kwanza kukaa mlangoni, alisema, "Kuna mtu."

Dijitali alisimama kwenye ngazi akiwa na shati lisilopigwa pasi, kola mkononi. Macho yalikuwa mekundu.

"Sijaja kwa ajili yako," alimwambia Mama Taipu.

"Sawa."

"Wala kwa ajili ya shule yenu."

"Sawa, mwanangu. Karibu."

"Mimi hupiga windo kwa flashi kama watu wote. Ile ya sidii sijawahi kujaribu tena. Sijawahi kuiona ikiwaka." Aliitazama mashine. "Nataka kuiona tu."

Mama Taipu akaondoka kwenye kiti chake, kiti ambacho hata mumewe hakuwahi kukikalia, akamvutia. Dijitali alikagua walivyopunguza na walivyoongeza, faili moja baada ya jingine. "Nani ametoa michezo?" aliuliza.

"Sisi," walisema wanawake wawili.

"Mlitoa vizuri."

"Hee," alisema Dereva.

Kisha akaiandika amri. Nusu ya kwanza aliisoma kwenye kola. Nusu ya pili aliiandika akiwa ameinua macho ukutani, bila kusita, kama mtu anayesema jina la marehemu wake. Akabonyeza. Faili dogo likaingia.

"Hapo ndipo stata?" aliuliza Dereva.

"Hapo ndipo stata, mzee."

Dereva aliwatazama mkewe na dada yake mmoja mmoja, akijipa muda wa kutosha kwa kila mmoja.

Wakachoma sidii ya mwisho. Mashine iliguna. Mtaa ulikuwa unaamka nje, ndoo zikigongana, mtu akimwita mtu aliyekuwa mbele yake kabisa. Kompyuta ikazimwa, ikawashwa. Skrini ikawa nyeusi.

Kisha mstari mweupe ukatokea, na haukuwa ule wa Jumamosi. Uliwataka waguse kitufe chochote ili iwake kwa sidii. Nukta moja ikafuata. Nukta ya pili.

"Gusa," alisema wifi.

Dijitali hakugusa. Mikono ilikuwa imelala mapajani kama si yake. Nukta ya tatu.

"Gusa, inapita!"

Nukta ya nne. Mama Taipu akakishika kidole cha shahada cha kijana yule, kama alivyozoea kuwashika wazee wanaokuja kutia dole gumba kwenye fomu, akakiweka juu ya kibodi, akakibonyeza.

Skrini ikageuka buluu. Duara dogo la nukta nyeupe likaanza kuzunguka, taratibu, bila haraka yoyote duniani.

"Kumbe ilikuwa inafanya kazi," alisema Dijitali.

Wifi alimpa kipande cha kitambaa cha bitana ajifute macho, na alipokwisha alikichukua tena, kwa sababu bitana ni ghali.

*

Mwalimu wa Taaluma alikuja saa nne kasoro, akiwa na orodha yake kwapani na uso wa mazishi aliouandaa njiani. Alimkuta Dijitali amekaa kwenye kiti cha Mama Taipu, Mama Taipu amesimama nyuma yake, na kwenye skrini ukurasa wa usajili umefunguka wazi, ukisubiri jina la kwanza.

"Mmeungana?" aliuliza, asijue afurahi au aogope.

"Imepiga hodi, Mwalimu," alisema Mama Taipu. "Wakaifungulia. Lete orodha."

"Kila mtahiniwa anatakiwa na picha," Mwalimu alisema kwa woga, maana alijua hapakuwa na kamera pale.

"Picha wakapige ng'ambo. Wote mia mbili na kumi. Huyu ana taa nzuri." Hakumwangalia Dijitali aliposema, naye Dijitali hakushukuru. Aliinuka tu, akamwachia kiti chake, akaichukua kola mezani, akaikunja mara moja kwa uangalifu na kuanza kuitia mfuko wa shati.

"Samahani, kaka," alisema wifi. Tayari alikuwa ametandaza kitambaa na mkasi ulikuwa wazi mkononi. "Hiyo kola ni yangu. Kuna mtu anasubiri shati lake tangu asubuhi."

Dijitali aliitazama kola, kisha mkasi. "Basi naomba kopi."

Mama Taipu aliinyoosha karatasi, akailaza juu ya kioo cha mashine ya kopi. Mwanga ukapita chini yake, kwenda na kurudi. Ikatoka karatasi nyeupe, na katikati yake kola nyeusi iliyopinda kama mwezi, na ndani ya kola maneno ya kijana mwenye kikohozi, kila g na mkia wake. Dijitali aliisoma yote amesimama. Halafu akatia mkono mfukoni.

"Bei gani?"

"Rudisha mfukoni," alisema Mama Taipu, akiwa ameshaanza kuchapa jina la kwanza. "Huo ulishaulipia."